Kufuma na Kufumua

Sweta la kwanza tulilolifumua lilikuwa la rangi ya ugoro, limechakaa viwikoni, na nililinunua kwenye mitumba ya Memorial hapa Moshi kwa shilingi 1,000 kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, msimu ambao mji huamka na ukungu na mlima unaweza kujificha siku tatu mfululizo, na nyumbani nilikuwa na watoto wanne: wawili wa kaka yangu waliokuja kutoka Tanga, mvulana wa darasa la tano na dada yake wa darasa la tatu, kitinda mimba wangu aliyekuwa na miaka 5, na binti wa jirani mwenye miaka 7, ambaye alikuwa akifika baada ya chai ya asubuhi na kurudi kwao magharibi. Televisheni ilikuwa imeharibika tangu mwezi wa tano. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mlezi mwenye mipango, maana karibu yote niliyojifunza kuhusu nyuzi na watoto nilijifunza kwa kubanwa na baridi na kelele.

Kufuma mwenyewe nakujua. Nyumbani kwetu kila kochi, kila meza na redio ya marehemu baba vilivaa kitambaa cheupe cha kufuma, na hata chupa ya chai ilikuwa na nguo yake. Mama alinishikisha sindano yenye ndoano nikiwa darasa la nne, na nikadhani kwamba nitakachofanya ni kuwapa watoto kile nilichopewa. Nikanunua sindano nne na madonge mawili ya uzi mwembamba wa pamba, nikawakalisha kwenye mkeka, nikaanza kufundisha. Kufikia saa sita mchana uzi mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya vidole, binti wa kaka alikuwa amelia mara mbili, na kitinda mimba alikuwa amegundua kwamba ile ndoano inafaa sana kuchokolea sisimizi kwenye ufa wa baraza.

Jioni nilijaribu kukumbuka vizuri nilivyojifunza mwenyewe, nikakiri kwamba kumbukumbu ilikuwa imenidanganya. Sikujifunza kwa siku moja wala kwa wiki. Nilihangaika muhula mzima, nami nilikuwa na miaka 10. Kufuma kwa ndoano kunaitaka mikono miwili ifanye kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, wa kulia ukiingiza na kuvuta, wa kushoto ukiuachia uzi kidogo kidogo bila kuulegeza mno wala kuukaza, na uzi ule mwembamba ulikuwa na vitanzi vidogo ambavyo hata mimi siku hizi navitafuta kwa miwani. Nikaamua kwamba ndoano zirudi kwenye droo, uzi uwe mnene, na chombo cha kwanza kiwe vidole vyenyewe.

Tatizo la uzi mnene ni bei. Donge la gramu 50 linalouzwa madukani huisha haraka mikononi mwa watoto wanne, hasa watoto wanaokata kwanza na kuuliza baadaye. Sweta zito la mtu mzima, kwa upande mwingine, linaweza kufika gramu 400 au 500, yaani sawa na madonge manane hadi kumi, na kwenye mitumba lile lililotoboka linauzwa kwa bei ya kutupa. Ndivyo lilivyofika nyumbani sweta la rangi ya ugoro.

Nilikata mshono wa ubavuni mbele ya watoto wote kama mtu anayefungua zawadi, nikashika ncha, nikavuta. Uzi ulikuja kama sentimita 40, ukaisha. Nikavuta mwingine, nao ukaisha palepale. Mvulana akanitazama kwa adabu, akauliza, “Shangazi, ndivyo inavyotakiwa?” Sivyo. Kumbe masweta mengi ya kiwandani hayafumwi kwa umbo la mwili. Hufumwa kitambaa kipana, kikakatwa kwa mkasi kama gauni, kisha kingo zikashonwa kwa ovaloki, cherehani ya kuzungushia kingo, na kila mstari unakuwa umeshakatwa huku na huku kabla sweta halijavaliwa na mtu yeyote. Tangu siku hiyo silinunui sweta la kufumua kabla ya kuligeuza ndani nje na kuutazama mshono wa ubavu. Nikiona ukingo uliozungushiwa nyuzi nyembamba nyingi za ovaloki, nalirudisha. Nikiona pande mbili zilizounganishwa kwa uzi mmoja, na kila upande una ukingo wake mzima uliopangika vitanzi kama mnyororo, nalichukua. Nalitazama pia kama limewahi kufuliwa kwa maji ya moto, kwa sababu sufu halisi ikipikwa hivyo hushikana ikawa kama blanketi, na hapo hata uvute na ng'ombe haitoki.

Vile vipande havikutupwa. Viliingia kwenye kikopo cha maziwa ya unga, na siku mbili zilizofuata tulivitengenezea vimpira vya manyoya kama vile vinavyokaa juu ya kofia za watoto wachanga. Unakata boksi la sabuni kuwa visahani viwili vyenye tundu katikati, unavibananisha, unazungusha nyuzi kupitia tundu hadi lijae, unakata kandokando kwa mkasi, kisha unapitisha uzi mmoja imara katikati ya vile visahani na kufunga kwa nguvu kabla ya kuvitoa. Huo uzi wa kufungia usiwe wa sweta, maana hukatika mtoto akivuta kwa moyo wote. Nilipata kipande cha nailoni kwa fundi viatu wa mtaani na kikatutosha likizo nzima. Kimpira cha kwanza cha binti wa jirani kilitoka kimeinama upande mmoja, na kabla sijapata neno la kumfariji alikuwa ameshakibandika mdomo wa karatasi na kutangaza kwamba ni kifaranga mgonjwa. Wakafuata vifaranga wazima saba, na mama yao.

Sweta la pili lilikuwa la bluu, na hilo nililichagua kwa akili. Sweta hufumuka kutokea pale fundi alipomalizia, si pale alipoanzia, na kwa kuwa mengi huanziwa pindoni kwenda juu, tulifungua mishono, tukatenganisha mikono na kifua, tukaanza shingoni. Sijawahi kuona kazi iliyonyamazisha watoto namna ile. Mmoja alivuta, mwingine akakunja donge, wa tatu akashika sweta lisiruke, na kitanzi baada ya kitanzi kikawa kinapasuka kwa mlio mdogo ambao hausikiki ila chumba kikiwa kimya, huku sweta likifupika na donge likinenepa. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja mawimbi kama nywele zilizofumuliwa leo asubuhi. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga sehemu nne usije ukatatana, tukauloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha tukauning'iniza kwenye kamba ya nguo na chupa ya nusu lita ya maji ikiuvuta kwa chini. Kesho yake alasiri ulikuwa umenyooka. Kurudisha uzi kuwa donge kulihitaji mtu wa kunyoosha mikono miwili mbele kama anayeomba dua, uzi umezungushwa juu yake, na kazi hiyo waliigombea mpaka tukaiwekea zamu.

Ni wakati huo wa kukunja madonge ndipo binti wa kaka alipouliza kwa nini tunasema kufuma na kufumua, maneno karibu sawa, na moja linaliharibu jingine. Nikamwambia atafute mengine yaliyo hivyo. Wakaanza: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, anika na anua. Mvulana akaleta tata na tatua, nasi sote tukautazama uzi uliokuwa umetatana mapajani mwa mdogo wake, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba tatizo la hesabu ubaoni na tatizo la uzi ni neno moja. Binti wa jirani akasema suka na sukua. Nikamwambia nywele tunafumua. Akakataa kabisa, akasema kama zilisukwa basi zinasukuliwa, na mpaka leo hii ndivyo asemavyo.

Kufuma kwa vidole kulichukua asubuhi moja kueleweka na wiki mbili kuwaachia. Namna niliyowafundisha wakubwa ni ya vidole vinne: ncha ya uzi unaibana kwa gumba, uzi unapita mbele ya kidole cha shahada, nyuma ya cha kati, mbele ya cha pete, nyuma ya cha mwisho, kisha unazunguka na kurudi kwa kubadilisha, uliopita mbele sasa upite nyuma. Unarudia tena mpaka kila kidole kiwe na vitanzi viwili, cha juu na cha chini, halafu unakiinua cha chini kukipitisha juu ya cha juu na kukiangusha nyuma ya kidole. Baada ya mistari mitano au sita utepe huanza kujitokeza nyuma ya mkono, na mtoto ambaye dakika moja kabla alikuwa anataka kuacha hugeuza kiganja, akauona, akanyamaza. Kwa mdogo wa miaka 5 vidole vinne vilikuwa vingi. Yeye nilimpa mnyororo wa kitanzi kimoja, ambao unaingiza vidole viwili ndani ya kitanzi, unaushika uzi, unauvuta upite, na hicho ndicho kitanzi kipya. Hakuna kingine cha kukumbuka.

Hapo ndipo nilipopata hofu yangu kubwa ya likizo ile. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikamwita mvulana aje kubeba vikombe, naye akaja na kazi yake vidoleni kwa sababu hakutaka kupoteza hesabu. Alivibeba vikombe, akakaa, akanywa uji kwa mkono wa kulia. Nilipomtazama wa kushoto, kidole cha pete kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya zambarau, na uzi umezama kwenye nyama. Yeye hakuwa amehisi maumivu, ila ganzi. Nilikata kila kitu kwa mkasi mdogo wa kucha huku mikono yangu ikitetemeka kuliko yake, na baada ya dakika chache damu ilirudi na kidole kikawa cha kawaida. Aliililia kazi iliyokatwa, kidole hakukilalamikia. Tangu hapo tukawa na sheria ambayo haikuwa na mjadala: ukiitwa, ukisimama, hata ukitaka kujikuna, vitanzi vinahamia kwenye penseli, kimoja kimoja kwa mpangilio wake, na ukirudi vinarudi vidoleni. Penseli nne zikafungwa kamba kwenye mguu wa meza kwa ajili hiyo. Nikaongeza nyingine mbili, kwamba mnyororo hauvaliwi shingoni, na kwamba hakuna uzi karibu na jiko la mkaa.

Hii ya jiko iliwashangaza, kwa hiyo niliwaonyesha. Nilichukua vipande vitatu vya uzi, nikavishika kwa koleo mmoja mmoja juu ya sahani ya bati uani, wao wamesimama mbali. Uzi wa pamba uliwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Uzi wa sufu, niliouchomoa kwenye skafu yangu kuukuu, ulisinyaa, ukanuka nywele zilizoungua, na moto ukazimika wenyewe. Ule wa sweta la bluu uliyeyuka, ukadondosha tone jeusi lililokuwa bado linawaka, na lilipopoa likawa gumu kama shanga. Nyuzi nyingi tunazouziwa kwa jina la sufu ni hizo za tatu, za akriliki, plastiki kwa hakika, na mtoto aliyejifunika utepe wa mita sita huku akiota moto amejifunika kitu kinachoganda kwenye ngozi kikiyeyuka. Lile tone liliwekwa kwenye kikopo pamoja na nyuzi, na nililisikia likitajwa kila mara mmoja wao alipokisogelea kizingiti cha jikoni.

Jirani mmoja, mzee mwenye mapenzi na watoto, alipita siku moja akamkuta mvulana na utepe wake, akamuuliza kama kwa shangazi amegeuzwa msichana. Mtoto aliuweka chini. Sikumjibu mzee, kwa heshima ya umri wake, ila jioni nilimwambia mvulana yule habari za Pangani nilikokulia, ambako wanaume wazima walikaa chini ya mti wa mkungu wakitengeneza nyavu zilizochanika, kidole cha mguu kimenasa ukingo wa wavu ili ukazike, na hakuna aliyewacheka, kwa sababu kesho yake kitoweo cha mtaa mzima kilitegemea mafundo yale. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuketi mkekani, na uzi ameufunga kwenye kidole gumba cha mguu.

Kumbe kidole hicho kilitusaidia zaidi kuliko kifaa chochote cha dukani. Binti wa jirani alikuwa mjuzi wa kusuka kabla hajafika kwangu. Alishazoea kuwasuka wanasesere na wadogo zake, na msuko wa nyuzi tatu kwake ulikuwa mchezo wa kitoto. Nilimfungia nyuzi nne kwenye gumba la mguu wake, kisha tano, nikamwonyesha jinsi bibi yangu alivyosuka ukili wa mikeka, uzi wa pembeni ukiingia juu ya mmoja, chini ya mwingine, mpaka ufike katikati na kukutana na wa upande wa pili. Bibi hakuwahi kunipa miyaa mibichi, yale majani ya kusukia, nijifunzie. Alinipa mabaki ya miyaa iliyokauka, ambayo ilivunjika kila nilipoikunja vibaya, na nilipolalamika alisema ukiweza huu mkavu, ule mbichi utakutii. Mimi sikuwa na ukatili huo; nyuzi za binti zilikuwa laini, na ndani ya siku mbili alitoka na mkanda wa nyuzi tano uliosukwa sawasawa kuliko wangu, akauvaa kiunoni juu ya gauni, akaenda nao dukani.

Nimeyaacha mpaka hapa ya binti wa kaka, kwa sababu ndiyo yanayonisuta. Yeye alichagua kufuma kitambaa kwenye boksi. Tulikata kipande cha boksi gumu, tukakichana vijipengo sentimita moja moja juu na chini, tukapitisha nyuzi za wima, ambazo mafundi wa kufuma huziita mtande, na yeye akawa anapitisha mshindio, yaani uzi wa ulalo, kwa shazia, sindano kubwa niliyoisugua ncha kwenye jiwe hadi ikawa butu. Kazi ilikwenda vizuri, ila kila alipofika ukingoni aliukaza uzi, na kitambaa kikaanza kubana katikati kama kiuno cha nyigu. Nilimwambia auache uzi ulale kwa mshazari kabla ya kuushindilia, ili upate urefu wa kutosha. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kukaza. Usiku, walipolala, nilikaa chini ya taa na kukifumua kile kiuno, mistari kama kumi na miwili, nikakifuma upya kwa upana wake, nikakirudisha palepale kilipokuwa, nikiamini kwamba nimemsaidia na kwamba hatajua.

Asubuhi alikaa nacho muda mrefu bila kuchukua shazia. Kisha akauliza, pasipo hasira, “Shangazi, hapa nani amefuma?” Nikasema mimi. Akaonyesha kwa ukucha mahali ambapo yeye, kila baada ya mstari wa nne, alikuwa akiuruka uzi mmoja wa mtande kwa makusudi, akitengeneza njia ndogo ya vitone iliyokuwa ikipanda kutoka pembeni kwenda katikati. Sikuwa nimeiona. Nilidhani ni makosa, nikayasahihisha pamoja na kiuno. Hakusema neno jingine. Alitafuta ncha yangu, akaivuta, akafumua mistari yote kumi na miwili kwa utulivu wa mtu anayekunja nguo, na akasimama pale hasa ilipoishia kazi yake. Kisha akaanza tena, na kiuno kikarudi, ingawa safari hii si chembamba sana, na njia ya vitone ikafika katikati siku ya Jumamosi. Kitambaa hicho kipo kwa mama yake Tanga, chini ya chombo cha maua, na mgeni yeyote anaweza kuona kwamba kimebana katikati.

Tangu wakati huo, mtoto akiniletea kazi iliyokosewa, namuuliza kwanza kama ni kosa. Mara nyingi ni kosa, na yeye mwenyewe anajua, na anachotaka ni kuambiwa tu afumue mpaka wapi. Hapo naweka kidole kwenye kitanzi cha mwisho kilicho salama, na kuvuta anavuta mwenyewe.

Kitinda mimba hakutengeneza kitu chochote likizo ile ambacho ningeweza kukupigia picha. Mnyororo wake wa kitanzi kimoja ulifika siku moja kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mwembe, nikamfundisha namna ya kuufunga, kwamba ncha ya uzi ipitishwe ndani ya kitanzi cha mwisho na kukazwa ili usifumuke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushika uzi, akauvuta, na mnyororo mzima ukaanza kutoweka kuelekea mti, kitanzi baada ya kitanzi, yeye akicheka na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mkononi hapakubaki ila uzi mtupu. Akakunja donge, vibaya, akalilaza ndani ya kikopo. Kesho yake alianza upya mlangoni, na kesho kutwa pia. Binamu zake walipoondoka mwishoni mwa likizo, uzi wake wa bluu ulikuwa umeota manyoya na kufifia rangi, umechoka kuliko sweta lilipotoka Memorial, na nilipomwambia nitampa mwingine alikataa kwa sababu, alisema, huu umeshazoea njia.

Televisheni ilitengenezwa mwezi wa nane. Kikopo kiko juu yake.